Chatu Aliyevishwa Buibui

Alhamisi iliyopita mpwa wangu wa Chumbageni alituma kwenye kundi la ukoo video isiyozidi dakika moja. Chatu mdogo wa rangi ya asali, mwenye michirizi myembamba myeusi iliyomzunguka kama utando, yumo ndani ya droo ya plastiki huko Marekani, na mbele yake mtu amemshikia panya kwa koleo. Chatu anainua kichwa, kichwa kinayumba kulia, kinayumba kushoto, kisha shingo inajisokota kama parafujo hadi kidevu kinatazama juu. Anajirusha, anakosa. Anajirusha tena, anaupiga ukuta wa droo. Mwungwana mmoja alikuwa ameondoa sauti ya video na kupachika taarabu mahali pake, ili sisi watazamaji tujue kwamba nyoka yule anacheza. Kundi zima lilicheka. Mama yangu, ambaye hana aibu ya kuuliza asichokielewa, alituma ujumbe wa sauti: "Mjukuu wangu, mbona wanamwita buibui? Kwani amevaa?"

Mimi sikucheka, na nilipoulizwa kwa nini nimenuna nilijibu kwa hasira zaidi ya ilivyonipasa mtu wa umri wangu. Naandika hapa ili niseme kwa utulivu yale niliyoyasema vibaya kule.

Mpwa wangu hakutuma video ile kwa mzaha tu. Siku mbili kabla alikuwa amekuja nyumbani Makorora na daftari lenye hesabu za biashara: ataagiza jozi ya chatu wale wa Afrika Magharibi, wale wanaojiviringa kama mpira wakiogopa, atawazalisha kwa rangi na kuwauza nje. "Mjomba, wewe unajua mambo ya mbegu," aliniambia, akimaanisha kuku wangu wa kuchi, "mimi najua mambo ya soko." Soko lenyewe nililimaliza kwa dakika moja. Tangu mwaka 2016 serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, kuna watu mkoa huu wa Tanga waliokuwa wakiishi kwa vinyonga wa Usambara ambao wanaweza kumweleza vizuri kuliko mimi jinsi biashara ya viumbe hai inavyolala usingizi mmoja na kutoamka. Na chatu wote wamo kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hawavuki mpaka kwa barua ya mjumbe wa nyumba kumi.

Lakini si soko lililonikera, wala sina ugomvi na rangi. Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba baadhi ya wanyama wale wanavutia sana. Chatu wa kawaida wa aina ile, anayepatikana kuanzia Senegali hadi Uganda, ni wa hudhurungi na mabaka ya udongo. Mwondolee weusi, na unabakiwa na nyoka wa manjano na nyeupe kama papai lililopasuliwa. Mmarekani Bob Clark alipomzalisha albino wa kwanza akiwa kifungoni mwaka 1992, watu walilipa maelfu ya dola kwa mmoja. Nakiri pia kwamba wafugaji wale si wajinga. Wamejifunza kulea mayai kwa nyuzi joto 31 au 32 kwa takriban miezi miwili, na walipoombwa magamba yaliyovuliwa na nyoka wao kwa ajili ya masomo ya jeni, waliyatoa, na wanafunzi kule Michigan wakaipata hitilafu inayomfanya albino awe albino. Kila anayezaliwa ndani ya droo, vilevile, huenda akapunguza haja ya kumchimbua mwingine shimoni kule Ghana, Togo au Benin. Hayo ni mema yao, nimeyasema, tuendelee.

Chatu buibui, yule wa kwenye video, aliyepewa jina hilo kwa michirizi yake iliyo kama utando, ni habari nyingine. Alianza kuzalishwa Marekani mwaka 1999, na tangu mwanzo wafugaji waliona kwamba kichwa chake hakitulii. Kwa miaka mingi waligombana kama ni joto la mayai, kama ni ulezi, kama ni bahati mbaya ya nyoka mmoja mmoja. Mwaka 2022 watafiti waliwapiga picha za ndani ya fuvu na kukuta kwamba viungo vya sikio la ndani, vile vinavyomwambia mnyama juu ni wapi na chini ni wapi, vimeumbika vibaya. Kwa hiyo nyoka yule wa taarabu hachezi. Hajui dari iko upande gani.

Wanaofuga kuku watanielewa haraka. Kishingo mwenye kishada cha manyoya mbele ya koo amerithi ule ushingo kwa mzazi mmoja tu. Yule mwenye shingo tupu kabisa ameurithi kwa wote wawili. Buibui naye anatosheka na mzazi mmoja kupata michirizi. Tofauti ni kwamba kishingo anakula, anakimbia, anamtoroka mwewe, na joto la Tanga analivumilia kuliko wenzake, ilhali buibui, kwa nakala ileile moja ya jeni inayompa urembo, anapewa na kizunguzungu. Havitenganishwi. Wamejaribu zaidi ya miaka ishirini, wamemchanganya na pastel, na piebald, na kila rangi iliyoko sokoni, na popote michirizi inapokwenda kizunguzungu kinafuata. Buibui kwa buibui hawawapandishi, kwa sababu wanaamini yai lenye nakala mbili halifiki popote. Mtu anayejua kwamba nakala mbili zinaua, akaendelea kuuza moja moja, amefanya hesabu zake vizuri sana.

Nina kisa changu katika jambo hili, na sikijivunii. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilimpandisha jogoo kidimu kwa tetea kidimu, kinyume cha maneno ya baba, kwa sababu nilitaka banda zima liwe na manyoya yale yaliyopinda kama yaliyochanwa kinyumenyume. Vilianguliwa vifaranga kumi na kimoja. Vitatu, manyoya yalipoanza kutoka, yalikatika kama nyasi kavu, vikabaki ngozi. Ilikuwa masika. Mama alivitia kwenye kapu kando ya jiko la mkaa, akavifunika kwa kipande cha kanga, na kila asubuhi vilikuwa vikitoka kapuni na kula pumba kama vingine. Nasisitiza kwamba vilikuwa vikila. Viwili vilikufa wiki ya pili, na mama akaniambia bila kunitazama: "Hawa umewavua nguo wewe, si Mungu."

Nasisitiza kula kwa sababu ndiyo hoja wanayoitoa watetezi wa buibui, na mpwa wangu aliirudia neno kwa neno: anakula, anataga, kwa hiyo hana shida. Kula na kutaga! Punda anayepandisha maji huku mgongo una kidonda cha ukubwa wa sahani anakula, na punda jike anazaa. Tangu lini hiyo ikawa risiti ya kwamba hali ni njema? Nyoka hana sauti ya kulia, hana uso wa kukunja, hachechemei. Mnyama wa namna hiyo anamhitaji mtunzaji wa kumtazama kwa makini kuliko paka, si mtunzaji anayehesabu panya waliomezwa. Wapo wengine wanaosema wao huchagua wale wasioyumba sana. Lakini wafugaji wenyewe wanasimulia kwamba mzazi anayeyumba kidogo huweza kuzaa kinda anayejisokota kutwa, kwa hiyo anayechagua hachagui chochote, anacheza kamari kwa shingo ya mwingine. Na si kamari ya msimu mmoja. Chatu hawa huishi miaka ishirini, thelathini. Kule bustani ya wanyama ya Saint Louis, mwaka 2020, jike mmoja aliyekadiriwa kupita miaka sitini alitaga mayai saba ilhali hakuwa amekutana na dume kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Hebu mfikirie buibui mwenye umri huo, akitafuta kila siku upande ulipo juu.

Chama kimoja cha wafugaji wa reptilia Uingereza kimewakataza buibui kwenye maonesho yake. Kwa hiyo inawezekana, na waliokataza ni wapenzi wa nyoka, si akina sisi tunaokimbilia panga.

Maana sitajifanya mtakatifu wa nyoka. Mtu aliyekulia karibu na mashamba ya mkonge hawezi. Chatu wetu wakubwa tumewaua wakiwa wamelala wameshiba, wasioweza hata kukimbia, na mimi nimewahi kushika jiwe. Mpwa wangu alinikumbusha hilo, na alikuwa na haki. Kule Ouidah, nchini Benin, chatu hawa hawa wadogo wana hekalu lao, na akiingia nyumbani kwa mtu anabebwa kwa heshima kurudishwa. Sisi hatujafika huko na sidhani tutafika. Lakini hata jiwe langu lilikuwa na mwisho. Lile la droo linarithiwa.

Juzi jioni alikuja tena, tukakaa barazani, nikamweleza habari za sikio la ndani huku nikizungusha kikombe cha kahawa ili aelewe. Alisikiliza. Aliuliza kama pastel ana tatizo, nikamwambia sijasikia ubaya wake, na hesabu za daftari zikapungua ukurasa mmoja. Alipoondoka aliahidi kuifuta ile video. Usiku nilifungua kundi la ukoo kuhakikisha. Kumbe alichokifuta ni taarabu: ameituma upya ikiwa na sauti yake ya asili, labda akidhani taarabu ndiyo iliyoniudhi. Sasa unasikia koleo likigonga plastiki, unasikia panya, na nyuma ya kamera unamsikia mwenye chatu akicheka.