Kabla ya rangi, gonga ukuta

Nimesoma makala ya kununua nyumba kuukuu za Dodoma; mwandishi anasema ukizipaka rangi na kubadilisha bati, kodi inarudisha hela haraka tangu Serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016. Wapangaji wapo, sibishi. Ila mimi nilinunua ya vyumba vinne Chang'ombe, dalali akaisifia mpaka nikasahau kugonga ukuta.

Fundi alipobandua lipu sebuleni, tofali za udongo zilimwagika kama unga wa mtama. Nyuma ya kabati kulikuwa na ufa wa kuingiza kidole, umejazwa magazeti na kupakwa chokaa! Udongo wa mbuga huvimba mvua za Desemba hadi Aprili, kiangazi ukinywea msingi unachanika. Kenchi, zile mbao za kubeba paa, nazo mchwa walishamaliza kitambo, bati lilikuwa limekaa kwa mazoea tu.

Na hati je? Alichonipa muuzaji ni karatasi za enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyokuwa ikigawa viwanja Dodoma, umiliki wa miaka 33. CDA ilivunjwa 2017, ikaelekezwa hati ziwe za miaka 99, lakini ya kwangu hakuna aliyewahi kuibadilisha. Nimeanza kuifuatilia ofisi za jiji mwenyewe, huku fundi ananidai nondo na saruji.