Wapeni Wanaanga Uzito

Shangazi yangu wa Kiboriloni amevunjika nyonga. Chumba hakiishi wageni, mtori unaletwa asubuhi na jioni, na kila anayeingia anasema lile lile: "Pole mama, wewe lala tu upumzike." Nilipomsaidia kugeuka, shavu la mguu wake lilikuwa laini, misuli imekwisha. Kijana wa mazoezi ya viungo alipomsimamisha kidogo akishikilia kitanda, mjomba akamkemea kwamba anamtesa mgonjwa. Hasira haijanitoka.

Mwili usiobeba uzito wake unajibomoa. Angani mwili hauhisi uzito, na ndiyo maana watafiti wa mambo ya anga huwalaza watu kitandani kuiga hali hiyo: mwaka 2019 kule Cologne, Ujerumani, watu waliojitolea walilala siku 60, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu. Kwenye kituo cha anga cha kimataifa, mfupa wa nyonga unaweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi. Wanaanga hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku kupambana na hilo, lakini mazoezi hayazuii maji ya mwili kupanda kichwani, na wapo wanaorudi macho yamebadilika.

Njia ya kuyakabili yote kwa pamoja inajulikana: zungusha chombo cha anga, aliye ndani asukumwe ukutani, apate uzito tena. Mwaka 1966 wanaanga wa Marekani Pete Conrad na Richard Gordon, wakiwa kwenye chombo cha Gemini 11, waliunganisha chombo chao na kingine kwa kamba ya mita 30, vikazunguka polepole, na uzito ukapatikana, japo mdogo mno. Inaniuma kwamba mwaka 2005 ilifutwa sehemu ya kituo hicho cha kimataifa iliyokuwa ikijengwa Japani, ambayo ingezungusha wanyama wadogo tuone uzito kiasi gani unatosha. Swali la msingi kabisa, likaachwa hivyo hivyo!

Haya, ni ghali. Tena chombo kidogo kikizunguka kasi kinaleta kichefuchefu. Kwa mizunguko 2 kwa dakika, uzito kamili kama wa duniani unadai umbali wa zaidi ya mita 220 toka katikati. Na baadhi ya wale waliolazwa kule Cologne walizungushwa kwenye mashine nusu saa kwa siku, lakini mifupa yao haikulindwa vya kutosha. Sasa nusu saa ni dozi gani? Hakuna daktari anayempa mgonjwa robo kidonge kisha akatangaza dawa imeshindwa. Waongezewe saa, na chombo kikubwa kijengwe sasa. Safari ya Mirihi ni miezi sita au zaidi kwenda tu, na huko hakuna wa kuwapokea kwa machela.