Soli Zinazoshika

Kabla sijafika Mbeya kwa wakwe nilikuwa nimeshapiga hesabu. Kilimanjaro ni mita 5,895. Mlima Rungwe haufiki hata 3,000. Yaani nusu! Nikamwambia mke wangu huo si mlima, ni kilima kilichopandishwa cheo. Yeye ni mtu wa Tukuyu. Alinitazama mara moja, akaendelea kukunja nguo.

Isitoshe, nilikuwa na buti. Za mtumba, lakini buti hasa: ngozi nzito, soli nene zenye meno kama tairi la trekta. Muuzaji aliniapia kwamba mzungu mwenyewe hakuwahi kuzivaa, zilikaa kabatini miaka na miaka. Hapo ndipo ilinipasa kushtuka. Nikalipa bila kuomba kupunguziwa hata mia.

Basi siku ya safari, mwezi wa saba, mimi na shemeji yangu tukadandia Kosta alfajiri hadi Isongole. Baridi ya kule sitaielezea. Ukisema neno linatoka na moshi. Kibali tulishalipia, na mzee wa kutuongoza alikuwa anatusubiri barabarani na panga, salfeti ya viazi vya kuchemsha, na miguuni mabuti ya mvua. La kulia lilikuwa na kiraka cha tyubu ya baiskeli.

Nilimwonea huruma, wallahi. Baada ya shikamoo nikampa darasa fupi: "Mzee, mlimani unatakiwa kiatu kinachoshika. Hiki changu, tazama, kinashika."

Akainama akazitazama soli zangu kwa heshima kubwa. "Ndaga, mkwe," akasema. Asante. Akaanza kupanda.

Mashamba ya viazi tuliyapita vizuri. Msituni ndipo pumzi zikaanza kunidai, lakini nilijikaza, maana shemeji alikuwa nyuma yangu na habari za mkwe zinakwenda mbali. Alikuwa ananisimulia habari za kipunji, nyani mwenye nywele zilizosimama utosini, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu ilhali wenyeji walikuwa wanamtaja siku zote. Nikatoa simu nimpige picha akitokea.

Tukaingia kwenye tope. Nikainua mguu wa kushoto. Mguu ukaja, soli ikabaki.

Sikuamini. Ilikuwa imelala pale kwenye tope, nzima, imetulia kama kambale. Na juu mitini, wakati huohuo, kukatoka mlio: nusu honi, nusu kubweka.

"Huyo ndiye kipunji," mzee akasema. Simu ilikuwa mkononi, lakini mikono yote miwili ilikuwa inachimba soli.

Mzee akafungua kamba ya salfeti, akanifunga soli kama mtu anayefunga kuku wa kupeleka mnadani. Tukaenda. Kila baada ya hatua mia tunasimama, ananifunga upya. Kwenye mianzi soli ya kulia nayo ikasema haiwezi kubaki peke yake. Kamba zikaisha. Shemeji alikuwa amegeuka anatazama mianzi kwa makini sana, mabega yanamtikisika.

Mzee akaingiza mkono kwenye salfeti, chini ya viazi, akatoa yeboyebo zake za akiba. Za waridi. Visigino vyangu vilibaki nje inchi nzima.

Kilele kipo, wanasema. Mimi niliishia kwenye mianzi, kisha nikashuka, nusu kwa yeboyebo, nusu kwa makalio, na suruali ikalipa gharama. Isongole akina mama wa ndoo za viazi walinyamaza wote kwa pamoja. Mmoja akauliza, "Pole baba, gari limepinduka wapi?"

Tulipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameshapigiwa simu. Alinipa pole bila kunitazama miguu, adabu kubwa sana ile, na bakuli la ndizi. Pembeni ya kiti changu kulikuwa na jozi ya mabuti ya mvua, yameoshwa. Hakuna aliyeyataja.

Fundi viatu alinieleza baadaye: buti za namna ile zikikaa kabatini miaka bila kuvaliwa, ile sponji ya katikati inaoza kimyakimya kwa unyevu. Ukiiminya inasagika kama biskuti. Mpira wa chini hauna ubaya, unaweza kuishi kuliko wewe.

Hilo la mpira nimelithibitisha. Soli zangu zilibaki kwa mzee, na wiki iliyopita shemeji amenitumia picha kutoka Isongole. Ni mlango mpya wa banda la kuku. Umeshikiliwa na bawaba mbili nyeusi zenye meno ya trekta. Chini ya picha ameandika alichoagizwa na mzee: "Mwambie mkwe, kweli zinashika."