Saini ya reitingi: ya mkufunzi au ya mtahini?

Anayerusha ndege ndogo kwa kujifurahisha pale Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, au Moshi hana ofisi ya mafunzo ya kumkumbusha tarehe kama rubani wa shirika. Reitingi ya injini moja, yaani kibali kwenye leseni cha kurusha ndege za aina hiyo, ikikaribia kuisha, anaanza kuulizia ni nani atakayemtilia saini. Kwa leseni ya Tanzania, kauli ya mwisho ni ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Ila wenye leseni za Ulaya na Marekani nao wana utaratibu wao, na mifumo hiyo miwili haijibu swali hili kwa namna moja.

Ulaya, reitingi hiyo hudumu miaka 2. Rubani anaweza kufanya jaribio kwa mtahini ndani ya miezi 3 ya mwisho, au kuonyesha uzoefu wa miezi 12 ya mwisho: saa 12 angani, 6 kati ya hizo akiwa rubani kiongozi, kuruka mara 12 na kutua mara 12, pamoja na saa 1 ya mafunzo na mkufunzi. Kwa njia hii ya uzoefu, mkufunzi aliyeruka naye huweza kuandika tarehe mpya kwenye leseni, mradi awe na idhini mahsusi ya mamlaka inayoisimamia leseni hiyo. Tarehe ikishapita, saini yake haisaidii kitu. Ni jaribio kwa mtahini. Marekani wamekwenda mbali zaidi: kila miezi 24 mkufunzi humpitia rubani angalau saa 1 ya nadharia na saa 1 angani, kisha anaandika kwenye logibuku, daftari la rubani la kumbukumbu za safari zake. Asiporidhika haandiki kwamba mtu amefeli. Anaandika mafunzo aliyotoa, basi, na rubani anarudi siku nyingine.

Wanaotaka mtahini peke yake wana hoja, tena nzito. Mkufunzi mara nyingi ni rafiki wa huyo rubani, na pengine rubani ndiye anayemlipa. Kumnyima saini mtu mnayekunywa naye chai kila Jumamosi kunahitaji moyo. Mtahini hana deni hilo.

Lakini mtahini humwona rubani mara moja, kwa mambo yaliyopangwa, na rubani huyo amejiandaa. Saa ya mkufunzi inaweza kupelekwa palipo na udhaifu. Kisongo uko futi 4,550 hivi juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi na ndege inajiona iko zaidi ya futi 7,000. Aliyezoea pwani ataacha mchanganyiko wa mafuta na hewa umejaa mafuta, injini ya kabureta itatetemeka na nguvu itapungua kabla hata hajaachia breki. Mkufunzi anayejua kazi atamsimamisha hapo hapo: vuta polepole kitufe chekundu cha mchanganyiko, mizunguko ya injini ipande, ikianza kushuka sukuma kidogo ndani. Kisha amwonyeshe kwamba nodi 60 kwenye saa ya mwendo ni kama 67 halisi, ndiyo maana njia inaisha haraka kuliko alivyotarajia. Hilo ni somo, na jaribio si mahali pake.

Kwa hiyo mkufunzi atie saini, kwa reitingi ambayo bado hai. Ninachokihofia zaidi ni karatasi. Kwa kanuni ya Ulaya, reitingi ikiisha 31 Oktoba 2026, saa zinazohesabika ni za kuanzia 1 Novemba 2025. Aliyeruka saa 30 mwaka wa kwanza na 9 mwaka wa pili hajatimiza, hata jumla ikipendeza namna gani. Kosa lingine ni kuhesabu saa alizokaa kiti cha kulia akimsindikiza mwenzake. Mkufunzi asiamini logibuku peke yake. Alinganishe tarehe na usajili wa ndege na daftari la ndege yenyewe, ahesabu kila kuruka na kila kutua, ndipo aguse kalamu. Kazi hiyo haimalizi nusu saa.

Na pale ambapo mkufunzi ameajiriwa na mwenye leseni, ningependa asiruke naye kabisa saa hiyo ya mafunzo. Atafutwe mkufunzi mwingine, hata ikibidi kuvuka kutoka Arusha hadi Moshi. Kwa ndege ndogo ni safari fupi, na mafunzo yanaweza kuanza njiani.