Kipimo cha Giza: Nyota za Kaa Zinavyoonekana kutoka Tabora

Kila aliyesoma jiografia shuleni amewahi kuchora mstari wa Tropiki ya Kansa (Kansa ni kaa kwa Kilatini) kwenye ramani ya dunia, na kila msomaji wa kurasa za nyota magazetini anajua kwamba aliyezaliwa mwanzoni mwa Julai huambiwa nyota yake ni Kaa, au Saratani kama wanajimu wa pwani walivyozoea kuiita. Hata hivyo, nimekutana na watu wachache mno waliowahi kuinua macho wakaziona nyota zenyewe ambazo mstari huo na ukurasa huo viliazima jina lake. Siwalaumu. Katika makundinyota 12 ya zodiaki, yaani yale ambayo Jua huonekana kuyapitia kwa mwaka, Kaa na Samaki ndio hafifu kabisa, na mtu anaweza kuishi miaka 60 chini ya Kaa bila kujua kwamba yupo. Maoni yangu ni kwamba uhafifu huo ndio unaompa thamani, na kwamba sisi tunaoishi Tabora tuna sababu zaidi ya wengine ya kumfahamu.

Wakati mzuri wa kumtafuta ni mwisho wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha na moshi wa kuchoma misitu ukiwa bado haujaanza. Saa mbili usiku, simama ukitazama kaskazini. Karibu na utosi, kidogo upande wa kaskazini-magharibi, utaona Regulus, nyota kuu ya Simba. Chini upande wa kaskazini-magharibi utaona nyota mbili zilizokaribiana, nazo ni Pollux na Castor wa kundinyota la Mapacha. Kati ya Simba na Mapacha pana nafasi inayoonekana kuwa tupu, na mwenye haraka huipita. Ukikaa dakika 15 gizani bila kutazama simu, nyota tano zitajitokeza taratibu zikiwa na umbo la panda ya manati: mpini umeelekea chini, na mikono miwili imeelekea juu, yote ikiwa imeinamia magharibi. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya huchora panda hiyo ikiwa kichwa chini, kwa sababu waandishi wake hulitazama anga wakiwa upande mwingine wa dunia. Nilipoteza majuma mawili nikiitafuta kama ilivyochorwa kitabuni kabla sijageuza kitabu.

Ili tuelewane kuhusu mwangaza, ni lazima kwanza tueleze kipimo chenyewe, ambacho kwa kweli ni cha kinyumenyume. Wagiriki wa kale walizipanga nyota katika madaraja sita, zenye kung'aa sana zikiwa daraja la kwanza, na zile ambazo jicho huziona kwa taabu zikiwa daraja la sita. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu, na namba ikiwa ndogo nyota inang'aa. Mwaka 1856 Mwingereza Norman Pogson aliupa mpango huo hesabu kamili: tofauti ya madaraja matano ni sawa na mwanga mara 100, yaani daraja moja ni takriban mara 2.5. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, iko kwenye -1.46. Pollux iko kwenye 1.1 na Regulus kwenye 1.4. Nyota inayong'aa kuliko zote katika Kaa iko kwenye 3.5 tu. Ukipiga hesabu, Sirius inatuletea mwanga takriban mara 100 ya huo, tofauti ambayo mtu aliyewahi kukaa kati ya karabai na koroboi anaielewa bila kuambiwa.

Nyota hiyo inayoongoza inaitwa Tarf, jina lililotoka katika Kiarabu, na wanaastronomia huiandika Beta ya Kaa. Hapa msomaji makini atauliza kwa nini iitwe Beta na si Alfa. Mjerumani Johann Bayer, aliyezigawia nyota herufi za Kigiriki katika atlasi yake ya mwaka 1603, hakufuata mwangaza kwa ukamilifu, na katika kundinyota hafifu kama hili makosa yake yanaonekana waziwazi. Alfa ya Kaa, inayoitwa Acubens, ina daraja la 4.25, na mbele yake zipo Tarf yenye 3.5, Delta yenye 3.9 na Iota yenye 4.0. Kwa hiyo Alfa ni ya nne. Kuna watu ambao jambo hili huwakera, lakini mimi hunifurahisha, kwa sababu humlazimisha mtu azitazame nyota zenyewe badala ya kuamini majina.

Tarf inastahili maneno zaidi. Iko mbali na sisi kwa takriban miaka ya nuru 300 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), maana yake mwanga tunaouona usiku huu ulianza safari kabla reli ya kati haijafika Tabora mwaka 1912, na kabla msafara wa kwanza wa Waarabu haujapiga kambi Unyanyembe, eneo hilihili la Tabora. Ni jitu la rangi ya machungwa, nyota iliyozeeka na kuvimba. Lau Jua letu lingepelekwa mahali ilipo Tarf, lingeshuka hadi karibu daraja la 9.6, na hakuna jicho la binadamu ambalo lingeliona bila darubini. Sirius nayo, ambayo inatamba kwa sababu iko umbali wa miaka ya nuru 8.6 tu, ingewekwa kando ya Tarf ingezidiwa zaidi ya mara 10. Tunaposema nyota ni hafifu, basi, tunazungumzia kinachofika machoni petu, wala si kile inachotoa huko iliko.

Katikati ya panda, pale mikono inapokutana na mpini, zipo nyota mbili ambazo Warumi waliziita Punda: Asellus wa Kusini, ambaye ni Delta mwenye 3.9, na Asellus wa Kaskazini, ambaye ni Gama mwenye 4.7. Wa kusini ana rangi ya machungwa na wa kaskazini ni mweupe, ingawa kwa uhafifu wao jicho tupu haliitambui tofauti hiyo. Waliambiwa ni punda kwa sababu kati yao pana kiwingu kidogo kilichofananishwa na hori la kulishia wanyama, na kwa Kilatini kiwingu hicho bado kinaitwa Praesepe, yaani hori. Picha ni nzuri, ila umbali unaivunja: punda wa kusini yuko miaka ya nuru takriban 130, wa kaskazini 180, na hori lenyewe liko nyuma sana, karibu 600. Punda hao hawatafikia majani yale kamwe.

Kiwingu hicho kina jina la pili, na hilo ndilo linalotufaa sisi wa huku: Mzinga wa Nyuki. Mwanga wake wote ukijumlishwa unafikia daraja la 3.7 hivi, lakini umetawanyika katika eneo lenye upana wa karibu mara tatu ya Mwezi mpevu, na hata nyota zake kubwa ziko kwenye 6.3, chini kidogo ya uwezo wa jicho la kawaida. Ndiyo maana kwa maelfu ya miaka watu waliona ukungu tu. Galileo alipoelekeza darubini yake huko, aliandika mwaka 1610 kwamba kiwingu kile kimoja kilikuwa nyota zaidi ya 40. Leo tunajua ni kama nyota 1,000 zilizozaliwa pamoja, zenye umri wa takriban miaka milioni 600 hadi 700. Kilimia, ambacho wakulima wetu walikifuata kwa ajili ya mvua hata tukapata ule msemo wa kuzama kwa jua na kuzuka kwa mvua, ni kundi la aina hiyohiyo, isipokuwa Kilimia ni kichanga zaidi, kiko karibu zaidi, na kwa hiyo kinang'aa zaidi. Kama Kilimia ni mdogo mwenye sauti, Mzinga ni kaka yake asiyepayuka.

Mwaka jana nilikwenda na darubini ya macho mawili hadi kwa mzee mmoja mrina asali, upande wa barabara iendayo Sikonge, ambaye mizinga yake ya magome ananing'iniza juu ya miti ya mitundu kama alivyofundishwa na baba yake. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akaniuliza nimefuata nini usiku, maana asali hurinwa na wenye kazi yao. Nilimwonyesha panda, nikamwonyesha mahali pa kiwingu, nikampa darubini. Alihangaika kidogo, akaegemeza viwiko kwenye ukuta wa zizi ili mikono isitetemeke, jambo ambalo mimi nilichukua miezi kulijua. Alinyamaza muda mrefu. Kisha alisema, bila kuondoa macho, "Hawa bado hawajatulia. Mzinga huu umeingiwa juzijuzi." Nimesoma maelezo mengi ya kundi lile, na sijaona lililokaribia hilo kwa usahihi: nyota zimetapakaa mlangoni, nyingine mbili mbili, nyingine tatu, bila mpango, kama nyuki wanaopima nyumba mpya.

Darubini hiyo, niongeze, ilikuwa ya pili. Ya kwanza niliinunua kwa fedha nyingi dukani, nikasherehekea kwamba kila nyota ya Kaa niliyoitazama ilikuwa maradufu, hadi nilipoutazama Mwezi nao ukawa miwili. Lenzi hazikuwa zimenyooka. Aibu hiyo ilinifunza kuithamini Iota, nyota ya mwisho wa mpini, ambayo kweli ni maradufu: moja ya manjano yenye 4.0, na karibu yake kabisa nyingine ya samawati yenye 6.6. Darubini nzuri ya kushika mkononi, ikiegemezwa vizuri, inaweza kuzitenganisha.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Ukizipanga nyota za Kaa kwa mwangaza, unapata ngazi ambayo vidato vyake viko karibu karibu: 3.5, 3.9, 4.0, 4.25, 4.7. Makundinyota yenye fahari hayana faida hii, kwa kuwa nyota zao hubaki zinaonekana hata mahali ambapo anga limeharibika, na mtazamaji hudhani mambo ni mazuri. Kaa hadanganyi. Mshairi wa Kigiriki Aratus, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliwashauri watu wachunguze hori: likififia ilhali punda wawili wanabaki vilevile, mvua iko njiani. Hapakuwa na uchawi wowote katika hilo, kwa maana wingu jembamba la juu hufuta kwanza kitu kilichotawanyika kabla ya kufuta nukta. Nimelijaribu mwezi Machi hapa Tabora, na ingawa sithubutu kumshauri mkulima atandaze tumbaku kwa kutegemea Aratus, mara kadhaa nililowa baada ya kumpuuza.

Kinachofuta nyota siku hizi si wingu peke yake. Katikati ya mji, karibu na kituo kimoja cha mafuta ambacho taa zake zimeelekezwa juu kama kwamba mbingu nayo inahitaji petroli, namwona Pollux na Castor, namwona Regulus, na kati yao hakuna kitu. Nikitembea hadi kwenye miembe ya pembezoni, Tarf inajitokeza, kisha Delta. Nikipanda pikipiki nusu saa kuelekea porini, ngazi yote inakamilika na Mzinga unaonekana bila kubahatisha. Simwambii mtu yeyote azime taa, maana najua vijiji vilivyosubiri umeme miaka mingi na najua mama anayeuza samaki usiku anahitaji kuona chenji. Ninachodai ni kidogo: taa iwe na kofia na mwanga wake uangukie barabara. Mwanga unaokwenda juu haumsaidii muuzaji wala mnunuzi, na mlipaji wa bili ameupoteza.

Waalimu nao wangeweza kufanya jambo dogo. Mwanafunzi anayefundishwa Tropiki ya Kansa aambiwe kwamba jina hilo lilitolewa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakati Jua lilipokuwa ndani ya Kaa siku ya kufika mbali zaidi kaskazini mwezi Juni. Kwa sababu mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia ya watoto inayochoka kuzunguka, siku hiyo Jua sasa liko mpakani mwa Mapacha na Ng'ombe, na huingia Kaa mnamo Julai 20. Kwa hiyo wengi wanaosoma ukurasa wa Saratani walizaliwa Jua likiwa katika Mapacha. Sitaki ugomvi na wanajimu. Nasema tu kwamba kalenda yao haijatazama nje kwa muda mrefu.

Kipo kidato kimoja zaidi cha ngazi, cha chini kabisa. Karibu na Iota ipo nyota inayoitwa 55 ya Kaa, ambayo tangu mwaka 2015 ina pia jina rasmi la Copernicus. Mwangaza wake ni 5.95, mpakani kabisa mwa uwezo wa jicho. Inafanana na Jua letu, iko umbali wa miaka ya nuru 41, na ina sayari tano zinazojulikana, moja ikiizunguka kwa muda usiofika saa 18, yaani mwaka wake huanza alfajiri na kwisha kabla watu hawajalala. Usiku ule kwa mrina asali niliitafuta bila darubini, nikitazama kando kidogo badala ya kuikodolea, kwa kuwa pembe ya jicho huona vizuri zaidi gizani. Niliipata, ikapotea, nikaipata tena. Mzee aliuliza natazama nini, nikamwelekeza, naye akaniambia pale hapana kitu. Tangu hapo nimerudi mara nne, na mara mbili kati ya hizo yeye ndiye aliyekuwa sahihi.