Alamu ikilia na fundi yuko kazini

Mwajiriwa wa Mwanza anayetaka kuanza biashara ndogo ya kufunga alamu za wizi hukutana na washauri wa kambi mbili. Wa kwanza humwambia asiuachie mshahara: aanze na kazi za jioni na mwisho wa wiki, ajenge jina polepole. Wa pili humwambia mshika mbili moja humponyoka, na kwamba kazi inayogusa mali na usalama wa watu haifai kufanywa na mtu ambaye nusu ya akili yake iko kwingine. Nimezisikia hoja zote mbili kutoka kwa watu wenye busara. Kila kambi imeshika kipande cha ukweli, lakini zote zinapita pembeni ya swali lenyewe, ambalo si mtaji wala si muda wa kupandisha sensa, yaani vifaa vya kuhisi, ukutani. Swali ni hili: alamu ya duka la Igoma ikilia saa nne asubuhi siku ya Jumanne, fundi akiwa kwenye kikao cha mwajiri wake na simu ameizima, nani ataitika?

Kambi ya mshahara ina hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Mfumo mdogo wa nyumba au duka unahitaji paneli inayoongoza mfumo, kibodi ya namba za siri, sensa za mwendo mbili tatu, sumaku za milango na madirisha, king'ora, betri ya volti 12 na kifaa cha laini ya simu cha kumpigia mwenye mali anapokuwa mbali. Vifaa hivi mara nyingi huagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi, na mteja hutoa malipo ya awali kabla hajaona kitu. Fundi asiye na kipato kingine hushawishika kula malipo hayo, kisha kununua vifaa hafifu ili kufidia. Mwenye mshahara hana sababu hiyo.

Kuna jambo kubwa zaidi. Mshahara humpa fundi uwezo wa kukataa kazi. Mwenye duka la dawa huko Buhongwa anataka alamu, lakini dirisha lake la nyuma halina grili na mlango unafungwa kwa kitasa kimoja kilicholegea. Ushauri wa kweli ni kwamba fedha aliyonayo aanze kuitumia kwenye grili na vitasa, alamu ifuate. Ushauri huo unampotezea fundi kazi ya siku hiyo. Vivyo hivyo kwa mwenye mtumbwi anayetaka alamu ya kuzuia wizi wa injini, tatizo linalowaumiza wavuvi wengi wa Ziwa Victoria. Sensa ya ndani ya nyumba haifai kwa chombo kilichoegeshwa ufukweni, na anayejua hivyo aseme. Mtu anayetegemea kazi ya leo kulisha watoto kesho huona ugumu wa kusema ukweli wa aina hii. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani aliyeacha ajira ndiye peke yake aliye makini.

Halafu kuna kujifunza, na Mwanza inafundisha mambo ambayo hayamo kwenye karatasi ya maelekezo iliyokuja na boksi. Sensa ya mwendo haioni mtu. Inahisi mabadiliko ya joto yanayopita mbele yake. Kwenye stoo ya bati huko Nyakato, jua la mchana na upepo unaoingia kwenye upenyo vinaweza kuichanganya. Ukiifunga karibu na taa inayowashwa usiku, wadudu wanaopaa kutoka ziwani watafuata ile taa, buibui na mijusi watafuata wadudu, na mjusi mmoja akitembea juu ya kioo cha sensa mtaa mzima utaamka. Ukanda wa ziwa una radi nyingi, na ngurumo za usiku huja hata mchana ukiwa mweupe. Paneli isiyo na kinga huungua. Kuweka kinga nako kunahitaji nondo ya shaba ya kushusha umeme ardhini, na mji huu umekaa juu ya mawe: kuna viwanja vya Isamilo na Bwiru ambako unachimba futi moja tu unagonga jabali. Mambo haya yanataka muda na makosa machache yasiyo na hasara kubwa. Anayeanza na wateja wachache akiwa na mshahara anayo nafasi ya kurudi kwa kila mmoja na kurekebisha bila kudai hela ya pili.

Muda wenyewe upo pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi kuwa zisizozidi 45 kwa wiki. Mwajiriwa ambaye hapewi saa za ziada hubakiwa na jioni na angalau siku moja nzima, na maduka mengi ya mjini hupenda fundi atoboe kuta Jumapili, wateja wakiwa wachache. Msabato atabanwa zaidi, maana Jumamosi yake imeshakwenda.

Hadi hapo mizani inaelekea upande mmoja. Inageuka unapouliza mteja ananunua nini hasa. Anachonunua ni uhakika kwamba kelele ikitokea, mtu atakuja. Edwin Holmes, aliyeuza alamu za umeme Boston na kisha New York katikati ya karne ya 19, hakuishia kuuza vifaa. Baadaye biashara yake iliunganisha majengo ya wateja kwa nyaya hadi kituo kimoja chenye watu wa kupokea ishara. Hadi leo, katika nchi ambako biashara hii imekomaa, kinachoziweka kampuni hai ni ada ya kila mwezi ya kupokea ishara na kuitikia, zaidi ya faida ya kufunga. Mwajiriwa hawezi kuuza huduma hiyo akiwa peke yake. Akiiuza, anauza ahadi asiyo nayo.

Tatizo huanza kwa jambo linaloonekana dogo. Kifaa cha laini ya simu hupewa orodha ya namba za kupiga. Ya kwanza ni ya mwenye nyumba, ya pili ya mke wake au ndugu, na ya tatu fundi anajiwekea mwenyewe kwa nia njema. Mwenye nyumba amesafiri kwenda Geita, mke yuko kanisani, simu inamfikia fundi akiwa juu ya ngazi ya mwajiri wake. Akiondoka, kazi ya mwajiri imelala. Asipoondoka, king'ora kinalia dakika kwa dakika hadi majirani wanachoka, na mara ya tatu hakuna anayetoka kuangalia. Alamu zisizo za kweli zinaua imani kabisa. Polisi wa Salt Lake City, Marekani, walifika mahali ambapo kuanzia mwaka 2000 waliacha kwenda kwenye alamu ya wizi mpaka mtu awe amefika kwanza na kuthibitisha kuna jambo. Ikiwa jeshi la polisi lenye magari na redio lilichoka, jirani wa Mabatini atachoka mapema zaidi.

Wengine hutatua hili kwa kumtafuta mwenza, kijana wa bodaboda au mdogo wake asiye na kazi, wa kwenda kuangalia alamu inapolia. Naiogopa sana njia hii ikifanywa kwa haraka. Mtu huyo atajua nyumba ipi ina nini, mwenye nyumba husafiri lini na mfumo unazimwaje. Mwenza wa kazi hii achaguliwe kwa uangalifu kuliko mwenza wa duka la nguo, atambulishwe kwa mteja kwa jina na sura, na asipewe namba za siri.

Kwa Mwanza naona njia inayofaa zaidi kwa mwanzoni: kuifanya alamu iwategemee majirani badala ya kumtegemea fundi. Eneo hili lina historia yake. Usukuma na Unyamwezi ndiko sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, walikoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, na utaratibu wao ulisimama juu ya yowe ambalo kila mwanamume alilazimika kuliitikia. Mambo mabaya yaliyofanywa kwa jina hilo, ya watu kupigwa na kuuawa kwa tuhuma tu, hayapaswi kurudi. Lakini wazo la kwamba mtaa wote unajua sauti fulani ina maana gani na nani anatoka kwanza bado lina nguvu, na ulinzi shirikishi wa leo unaweza kulibeba. Kwenye miteremko ya Igogo au Mabatini, ambako gari halifiki mlangoni na njia ni ngazi za mawe, jirani wa hatua ishirini ana thamani kuliko gari la ulinzi lililoegeshwa mjini. Fundi anayejua hivyo ataweka king'ora mahali panaposikika, atamwona mwenyekiti wa mtaa pamoja na mteja wake, atakubaliana nao kwamba wanaotoka wanapiga 112 na kuzingira kwa mbali bila kumgusa mtu. Kisha ataweka namba za jirani wawili mahali ambapo angeweka ya kwake. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja wa Jumapili, na mwajiriwa anaweza kuifanya kikamilifu.

Linabaki suala la mwajiri. Mhasibu wa kiwanda cha samaki au mwalimu anayefunga alamu Jumapili hagusi maslahi ya aliyemwajiri, ingawa asome mkataba wake, maana baadhi ya mikataba inakataza kazi nyingine ya malipo bila kibali, na mtumishi wa umma ana kanuni za maadili zinazomtaka aepuke mgongano wa maslahi. Fundi umeme wa kampuni yuko kwenye hatari ya karibu zaidi. Drili ya ofisi inaazimwa Ijumaa, ngazi inapitiwa Jumamosi, vipande vya waya vilivyobaki kwenye mradi vinaingia kwenye begi kwa sababu "vingetupwa tu". Siku ya kugombana na bosi, vipande vile ndivyo vitakavyoitwa wizi. Kwa mtu anayeuza ulinzi, tuhuma ya wizi hata isipothibitishwa inatosha kuua biashara yake.

Kwa aliyeajiriwa na kampuni ya ulinzi msimamo wangu ni mkali: asianze akiwa bado ndani, si katika mji huohuo. Anajua wateja, bei na ramani za nyumba. Hata akichukua mteja mmoja aliyemfuata mwenyewe, hakuna atakayeamini. Siku mteja wa zamani akivunjiwa nyumba, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Aliye kwenye mkataba wa kudumu na analipwa kwa mwezi anaweza kutoa notisi ya siku 28 na kutoka kwa heshima. Ni bei ndogo.

Vibali nitavipitia kwa ufupi: jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi TRA, leseni ya biashara ya Jiji au ya Manispaa ya Ilemela, na kwa anayegusa umeme wa nyumba, leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nayo inahusika na vifaa vya mawasiliano na wanaovifunga. Wateja wengi wataomba na kamera, na hapo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaingia: kamera inayotazama ua wa jirani inaweza kuleta kesi.

Lenye uzito zaidi ni laini ya simu ya paneli. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, na mafundi wengi husajili ya kwao ili kumrahisishia mteja. Wasifanye hivyo. Laini iwe ya mteja, vocha aweke mteja, na namba kuu ya siri ya mfumo ibadilishwe mbele yake siku ya makabidhiano, iandikwe na yeye. Fundi akihama, akiugua au akiamua kurudi kwenye mshahara peke yake, nyumba ile ibaki na alamu inayofanya kazi. Naona hiki ndicho kipimo cha kama mtu alikuwa na haki ya kuanza biashara hii kwa muda wa pembeni.

Kwa hiyo nasimama na kambi ya mshahara, kwa mpaka ulio wazi. Mwajiriwa afunge, akarabati, abadilishe betri zilizochoka, alipwe kwa kazi iliyokamilika. Ada ya mwezi ya kuitikia alamu aiache mpaka awe na watu wawili anaowalipa ili simu ipokelewe usiku na mchana, na mikataba ya matengenezo inayotosha kulipa mishahara ya hao wawili kabla ya ya kwake. Wapo ambao hawatafika huko, watabaki na nyumba mbili tatu kwa mwezi kati ya Kiseke na Buswelu kwa miaka, na hiyo ni kazi kamili, ya heshima. Ila kwenye kadi yao wafute maneno "huduma saa 24".