Ukimwombea mgonjwa, nani analipa dawa?

Katika makanisa yanayoabudu kwa Kiswahili hapa Uganda, kuanzia vikundi vya Wakongomani wa Katwe na Nsambya hadi kambi za wakimbizi za Nakivale na Kyaka II, kuna mjadala usioisha. Je, anayemwombea mwenzake anapaswa pia kumpa kitu kutoka mfukoni mwake? Wapo wanaosema ndiyo, tena kwa ukali: kama uwezo unao na umeishia kwenye "amina", hujamwombea. Wapo wanaoisikia kauli hiyo na kushtuka.

Wanaoshtuka wana sababu zao, na si za kubeza. Nchi hii haijasahau Kanungu, ambako tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini waliteketea kanisani, wengi wao wakiwa wameshauza mali zao na kukabidhi fedha kwa viongozi. Hata leo ukifungua redio Kampala utamsikia mhubiri akitaja namba ya kutuma "mbegu", yaani pesa ya sadaka, kabla hajaanza kuombea wagonjwa. Aliyeumwa na hayo, akisikia maombi na pesa vikitajwa katika sentensi moja, anamkumbuka Simoni wa Samaria aliyetaka kuinunua karama ya Mungu. Atakukumbusha pia kwamba Petro, pale mlangoni pa hekalu, alisema hana fedha wala dhahabu, na kiwete akasimama. Kisha atauliza swali linalouma zaidi: mama anayeuza ndizi za kuchoma kando ya barabara, asiyebakiwa na kitu jioni, maombi yake ni ya daraja la pili?

Hapana, si ya daraja la pili. Lakini hofu hii inamtwisha mtu mzigo usio wake. Kwenye biashara ya mbegu, mwenye shida ndiye anayetoa na mwombezi ndiye anayepokea. Hoja ninayoitetea ni kinyume kabisa: mwombezi ndiye anayetoa, mwenye shida ndiye anayepokea, na meza ya mchungaji haipitiwi. Mungu halipwi chochote hapo. Kornelio, yule akida wa Kaisaria, aliambiwa na malaika kwamba sala zake na sadaka zake zimefika pamoja, na sadaka hizo zilikuwa za watu, hakumtumia mhubiri. Petro naye, baada ya kusema hana fedha, alimshika yule kiwete mkono wa kuume akamwinua. Alichokuwa nacho alikitoa.

Ninaloliona halisemwi vya kutosha ni hili: kutoa kunamlazimisha mwombezi kujua. Daftari la maombi la kikundi huandikwa hivi: "Mama fulani, miguu." Miguu inaombewa wiki tatu, kwa machozi ya kweli. Halafu dada mmoja anaamua kusaidia, na kwa kuwa anataka kusaidia inabidi aulize. Ndipo inajulikana kwamba mama ana sukari, hospitali ya serikali anakwenda na kumwona daktari hatozwi ada, maana ada zilifutwa tangu 2001, lakini dirisha la dawa halina dawa. Amepewa kikaratasi akanunue nje, na kikaratasi kimekaa kwenye mkoba mwezi mzima. Watu walikuwa wanaombea miguu, kumbe kilichokwama ni karatasi. Baada ya hapo maombi ya kikundi kile yalibadilika. Waliomba dawa ipatikane, waliomba mtoto wake wa Mbarara apate kazi, kwa sababu sasa walikuwa wanamjua mtu wanayemtaja.

Na ujuzi huo unashuka hadi kwenye mambo madogo sana. Anayetuma elfu ishirini kwa simu anahakikisha jina limetokea sawasawa, kisha anaongeza "na ya kutolea". Kodi ya pesa za simu iliyoletwa 2018 ilishushwa baadaye ikawa nusu asilimia ya kiasi kinachotolewa, yaani shilingi mia moja kwenye elfu ishirini, bado makato ya kampuni yenyewe. Aliyekumbuka kuongeza hiyo amemsindikiza mwenzake kwa mawazo mpaka mlangoni kwa wakala. Mimi hilo nalihesabu kuwa sehemu ya maombi.

Kinachoniumiza ni mabugo. Mtu akifa Buganda, na siku hizi karibu kila mahali Kampala, daftari linafunguliwa msibani na kila mtu anaandika rambirambi yake: elfu tano, elfu kumi, laki. Basi linakodiwa, jeneza linanunuliwa, maturubai na sufuria vinakuja. Hakuna anayeuliza kama kutoa kunaharibu maombi ya marehemu. Watu walewale, miezi miwili nyuma, walisimama kando ya kitanda katika hospitali ya Mulago wakaomba kwa sauti, wakaacha "tuko pamoja", wakaondoka. Pesa ilikuwepo. Tunajua ilikuwepo kwa sababu imejitokeza kwenye daftari la msiba na majina yakiwa wazi. Kila nikifika msibani hujikuta nikijumlisha kimoyomoyo, na mara nyingi jumla ile ingelipa vipimo ambavyo marehemu alivikosa. Sisemi angepona. Nasema hatukumpa nafasi hiyo, na bado tulimwita Mungu ampe.

Upande wa pili una hoja moja iliyobaki, na kwangu ndiyo nzito kuliko Kanungu. Wanasema: watu wakijua kwamba kuleta ombi ni kuleta bili, wataacha kuleta maombi. Mwenye aibu atanyamaza. Na msikilizaji asiye na kitu atakwepa kusikiliza. Hili lipo, nimelisikia. Kuna mzee aliyeacha kusema kanisani kwamba mjukuu wake amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada, kwa kuogopa kuonekana anachangisha. Dawa ninayoiona ni usiri: atakayetoa asitangaze, wala kikundi kisisome orodha ya waliotoa, kama Yesu alivyosema juu ya mkono wa kushoto na wa kuume. Hata hivyo aibu haitaisha yote, nakubali. Ila maombi ya jumla jumla, "niombeeni, mambo ni magumu", yalishaenea kabla ya mtu yeyote kuhimiza kutoa. Wengi wamejifunza kusema hivyo baada ya kueleza shida waziwazi mara kadhaa na kuambulia kuwekewa mikono kichwani tu.

Kwa wakimbizi jambo hili limekuwa kali tangu Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipokatia posho ya chakula takriban watu milioni moja nchini kwa kukosa fedha. Makanisa ya Nakivale yalifunga na kuomba. Hakuna kikundi cha waombezi kinachoweza kuziba pengo kama hilo, na anayewadai wafanye hivyo anawaonea. Lakini kaya tano zinaweza kuibeba kaya ya sita kwa unga na maharage, ikijulikana ni ipi.

Naye muuza ndizi asiye na shilingi? Kwenye wodi zetu mgonjwa asiye na ndugu wa kumuuguza yuko matatani, kwa sababu ndugu ndiye anayepika, anayefua shuka na kuchota maji ya moto. Muuza ndizi akienda kulala Mulago usiku mmoja ili binti wa mgonjwa apumzike, ametoa kuliko wengi wetu tuliotuma elfu ishirini, na ya kutolea ikiwemo.